Achia Taya

Kwa mara ya kwanza visigino vyangu vilikuwa vimekaribia kugusa sakafu, na ndipo mlango ulipofunguliwa bila hodi. Ilikuwa asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nimeinama, viganja chini, makalio juu, kichwa kikining'inia kati ya mikono kama ndoo kwenye kamba. Katika mkao huo wa yoga unaiona dunia kupitia katikati ya miguu yako, imepinduka. Hivyo ndivyo nilivyowaona: viatu vya kaka yangu, ambavyo hakuvivua, na nyuma yake kandambili za mwanamume nisiyemjua, zimejaa vumbi la mbao.

"Endelea tu, mdogo wangu," kaka alisema. "Hatukusumbui."

Kandambili zikanipita ubavuni. Nikasikia futi ya chuma, ile ya kupimia, ikikwaruza ukuta.

"Sita kwa sita inaingia," alisema fundi seremala. "Kabati litakaa pale dirishani. Ila huyu dada asogee kidogo, futi inamgonga."

Nami nikasogea. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanichemka: mikono chini, makalio juu, nikasogea kama kaa ili mtu apime vizuri chumba changu.

Yoga sikuitafuta mimi. Niliishia huko kwa sababu ya jino. Wiki kadhaa kabla ya hapo niliamka na kipande cha gego juu ya ulimi, nikadhani ni punje ya mchanga. Daktari wa meno, mama mwenye mikono midogo na maneno makubwa, alichungulia akaguna.

"Wewe unasaga meno usingizini. Tena unasaga kama umeajiriwa. Una hasira na nani?"

"Sina hasira na mtu, daktari." Kwa vile vyuma vyake vilikuwa bado mdomoni, jibu lilitoka kama mlio wa mtoto mchanga.

Alicheka. "Haya, usiyekuwa na hasira. Tafuta kitu cha kukulegeza. Jaribu hata yoga, kwenye simu zimejaa tele. La sivyo nitakutengenezea meno ya bandia hata hujaolewa."

Nikaanza. Nilitandika blanketi juu ya vigae, likateleza nikaangukia kidevu. Nikachukua zulia la mpira la bafuni, nalo likanichora matundu kwenye magoti. Mapaja yaliwaka moto. Nilipotakiwa kusimama kwa mguu mmoja nilishika kabati, na kabati nalo likayumba. Mwalimu wa kwenye simu, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa na neno moja lisiloisha: achia. Achia mabega. Achia tumbo. Achia taya. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Sikujua taya linaachiwaje. Langu lilikuwa limefungwa tangu utotoni, na nyumbani walikuwa wakiliita upole.

Lakini nilikipenda kile kipindi cha asubuhi, hasa kwa sababu ya mlango. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, cha Mama na changu. Rangi ya changu niliipaka mwenyewe nilipomaliza chuo na kupata kazi ya maabara, nikajipaka na nywele. Siku nzima natazama damu za watu kwenye darubini, najibu "ndiyo" na "samahani." Nikirudi, chumba hicho ndicho kitu pekee duniani ninachoweza kukifunga kwa ndani. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesahau kukifunga.

Nilisimama. Damu iliteremka kichwani kwa kasi na chumba kikazunguka.

"Kaka, mnapima nini?"

"Kitanda. Si unajua naoa? Nyumba niliyopanga, mwenye nyumba anaitaka." Alitazama dirisha langu kama mtu anayechagua nyanya. "Kwani Mama hajakwambia?"

Mama alikuwa mlangoni. Mkononi alikuwa amekunja kitambaa cha maua ya zambarau, na nilikitambua. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kukinunua. Alikiinua kwenye mwanga akaniuliza kama kitapendeza sebuleni, nikamwambia kitapendeza sana, Mama, nikambebea mpaka nyumbani.

"Tutakata ile kona ya friji pale sebuleni," alisema haraka. "Tutatundika hili pazia. Utakuwa na kachumba kako kazuri tu."

Kachumba. Kumbe pazia ndilo lingekuwa ukuta wangu; nilikuwa nimeusifia mwenyewe, na nikaubeba.

"Ni kwa muda," kaka alidakia. "Wewe si mtu wa mambo mengi. Hata hayo mazoezi yako unaweza kufanyia popote."

Fundi alikohoa, akajifanya anakagua dari. Chini, kwenye zulia la bafuni, simu iliendelea kubembeleza: vuta pumzi, achia taya.

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

Alilainisha kitambaa kwa kiganja. Alimtazama fundi, akatazama dirisha, akatazama kila kitu isipokuwa mimi.

"Ningekuuliza nini, mwanangu? Nilijua hutakataa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama sifa, kama mtu anavyosifu kisu chake kwamba hakijawahi kumkata. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye lile gego, ukakuta ukingo wake mkali, ukatulia hapo. Nikamkumbuka daktari na swali lake. Majibu mawili yalikuwa yamesimama mbele yangu, moja limevaa viatu, jingine limekumbatia pazia.

Fundi alibonyeza futi yake, ikajirudi ndani kwa mlio mkali. Sote tulishtuka.

"Mngeniuliza ningekubali," nikasema. Sauti ilitoka yote. "Ningewapa, na pazia ningelitundika mwenyewe. Hamkuniuliza. Sasa nakataa."

"Unasemaje?" kaka aliuliza, akianza kucheka.

"Nakataa. Na viatu vyako uvivue."