Klachi ya Shemeji

Mama Kilima alitia gia, akaachia klachi polepole kama alivyofundishwa. Injini ikanguruma kwa kishindo. Gari likabaki pale pale, likinuka kuungua. Wenzake katika shule ya udereva walimpa jina hilo kwa sababu kila mtihani humkwamisha kilimani. Mchana huo angejaribu tena. Hospitali anakofua mashuka ilimwekea kazi ya kuendesha gari la mizigo, na ahadi hiyo ingekwisha jioni hiyo asipopata leseni.

Mwalimu wake alivuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika.

“Klachi imekwisha, mama. Mguu wako hauna kosa.”

Bosi wa shule alishaambiwa zamani, akajibu kwamba wanafunzi wana miguu ya ng’ombe. Ng’ombe hao walikuwa na maziwa: anayefeli hulipa tena, na mkaguzi wa mtihani hakosi kikombe chake.

Ndipo bosi akatokea na fundi. Huruma? Thubutu! Shemeji yake naye alikuwa na mtihani. Giaboksi ikashushwa, sahani ya klachi ikatolewa, imelika hadi kwenye riveti. Mpya ikafungwa. Mwalimu akamnong’oneza Mama Kilima kwamba Mungu si Athumani.

Mchana, mbele ya mkaguzi, shemeji alikipanda kilima na gari hilo huku akijitazama kwenye kioo. Aliposhuka, Mama Kilima akaushika mlango. Bosi akauzuia. Gari hilo, alisema, sasa ni la familia. Wanafunzi watumie lile jingine.

Lile jingine lilinuka vilevile.

Mama Kilima aliingia, akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ikaendelea kunguruma. Akaizima, akashuka, akamnyooshea mkaguzi ufunguo.

“Panda wewe, bwana mkubwa. Ukifika juu, nitakubali kwamba mimi sijui.”

Mkaguzi akakitazama kilima, kisha akamtazama bosi. Ufunguo hakuupokea. Akaandika, kwa mwandiko safi kabisa: Hawezi kilima.

Kwa upole wa muuza majeneza, bosi akasema nafasi ya kurudia ipo, mama asikate tamaa.

Mama Kilima akautumbukiza ufunguo kwenye mkoba wake, akaanza kukipanda kilima kwa miguu. Bosi akamkimbilia hatua chache, kitambi kikimtangulia, akakwama. Alinguruma sana pale chini, lakini hakusogea.