Matumizi Binafsi ya Marehemu Gebhard

Jumanne ya tatu ya Aprili, saa tano kasorobo asubuhi, Roswitha Häberle alikuwa akimenya viazi vya saladi jikoni kwake, kijijini Mühlhalden, aliposikia kiti cha upande wa dirisha kikivutwa. Gebhard, mumewe, alikuwa ameketi. Walikuwa wamemzika Februari. Alivaa sweta yake ya kijivu yenye kiraka kwenye kiwiko, na ukimkazia macho uliiona kalenda ya benki ukutani nyuma yake, tarehe zote zikisomeka.

Roswitha aliongeza viazi viwili kwenye sufuria.

Haikumchukua muda kuuelewa utaratibu. Gebhard alikuja jua lilipolikabili paa, alififia wingu lilipopita, na jioni aliondoka. Paneli za sola zilizokuwa juu ya paa hilo, ishirini na nane, alizifunga yeye mwenyewe akisaidiwa na fundi, miaka minne kabla ya kufa, na kwenye karatasi za kodi akajiandikisha kuwa mfanyabiashara wa umeme. Huku wengi hufanya hivyo. Ukijiandikisha, unarudishiwa kodi uliyolipa siku ya kuzinunua. Kisha, kwa kuwa mkulima ni mmoja na walaji ni wengi, unalipia kodi umeme wote unaoutumia mwenyewe, kana kwamba umejiuzia. Gebhard alikuwa fundi wa kufuli maisha yake yote, na aliliona jambo hilo ni la haki kabisa. Kila mwisho wa mwezi alisoma mita, akajiuzia taa yake, friji yake na kahawa yake, bila kujipunguzia hata senti.

Mwanzoni hakusema neno. Kuonekana tu kulikula umeme kiasi cha pasi moja. Kusema kulitaka zaidi. Roswitha alizima friji, akahamishia siagi kwenye chumba cha chini ya nyumba, akaanza kufua kwa mikono. Siku moja ya Mei, saa sita kamili, Gebhard alifungua mdomo.

"Rösle, mfereji wa paa umeziba majani."

Hakuna mwingine duniani aliyemwita Rösle. Roswitha aliketi akalia, na alilia kwa furaha, maana alikuwa na hamu naye mno na nyumba ilikuwa kubwa. Siku ya pili akapanda ngazi akazoa majani.

Tangu hapo umeme wote wa paa ulikuwa wa Gebhard. Kufikia Agosti alikuwa amesema sentensi kumi na nne. Moja ilihusu ufunguo wa baiskeli. Nyingine ilisema, "Unakonda. Kula." Nyingine zilihusu jirani mmoja wa zamani ambaye hakurudisha msumeno. Roswitha hakuhitaji mazungumzo makubwa. Alihitaji mtu wa kulalamika pamoja naye.

Septemba alikuja Bwana Nagel wa ofisi ya kodi. Barua tatu zilikuwa zimemtangulia. Alifuta viatu mlangoni, akasalimia, akafungua faili mezani.

"Bi Häberle, mwaka jana mliuza robo tatu ya umeme wenu. Mwaka huu mmeuza asilimia nne. Na nyumbani mmepungua mtu mmoja."

"Hatujapungua," alisema Roswitha. "Si huyo hapo?"

Nagel alimtazama Gebhard, akampa mkono, akaukuta una vuguvugu.

"Pole kwa msiba," alimwambia Roswitha. Akamgeukia Gebhard. "Na wewe pia, bwana." Kisha akarudi kwenye faili. "Anautumia wote?"

"Akiongea, wote."

"Hapo ndipo penye tatizo. Paa lisilouza hata sehemu ya kumi ya umeme wake si biashara. Ni jambo la kujipendea tu, kama mtu anayefuga njiwa. Na kama si biashara, kodi mliyorudishiwa mtairudisha. Euro elfu tatu na arobaini."

"Mimi napata mia saba na kumi kwa mwezi, pensheni ya ujane. Nizitoe wapi?"

Nagel alifunua ukurasa mwingine wa faili.

"Hatuwezi kuandika ni matumizi ya biashara?" aliuliza Roswitha. "Mwenye biashara si ndiye yeye?"

Nagel alilifikiria hilo kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na kwangu mimi hilo ndilo linaloudhi zaidi.

"Ingebidi awe anafanya kazi. Anafanya kazi?"

Wote wawili walimtazama Gebhard. Wingu lilikuwa linapita, na kalenda ilionekana.

"Anakaa tu," alisema Roswitha.

"Basi ni matumizi binafsi. Halafu kwenye daftari la wakazi amefutwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Uza wote, Bi Häberle, na paa litabaki biashara, hamtarudisha kitu. Fundi anahamisha waya mmoja tu, kutoka paani moja kwa moja hadi kwenye laini ya mtaa. Wewe utanunua wako kama watu wengine. Bei ya kuuzia mliahidiwa miaka ishirini, hakuna wa kuigusa."

"Na yeye?"

"Fomu haina mahali pake."

Wingu lilipita. Gebhard, aliyekuwa akijiwekea umeme tangu asubuhi, alisema kwa sauti iliyosikika hadi uani.

"Tia saini, Rösle. Kodi ni kodi."

Mimi ningeichana ile karatasi. Lakini mimi ni mtu wa kuja, nimeishi Mühlhalden miaka ishirini tu. Roswitha alitia saini.

Fundi alikuja Alhamisi, na kazi haikufika dakika kumi. Gebhard aliondoka katikati ya neno, na neno lenyewe halikujulikana lilikuwa lipi. Roswitha aliwasha taa zote, friji na jiko. Umeme ulikuwepo, lakini kitini hakukaa mtu. Ijumaa alitokea mzee mmoja asiyemjua, mwenye kofia ya kuvulia samaki, kalenda ikisomeka nyuma yake, akaketi kidogo, akaomba radhi kwa kukosea nyumba. Wiki iliyofuata ofisi ya kodi iliandika kwamba biashara ya marehemu Häberle iko katika hali nzuri.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kufagia kando ya barabara. Jua lilikuwa kali. Hannelore Pfleiderer wa nyumba ya ng'ambo aliegemea ufagio wake.

"Rosi, wako yuko kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Alhamisi. Umeme unaingia nyumba ya kwanza unayoikuta njiani, fundi kaniambia. Sikutaka kukwambia, nikajua utaumia."

"Anasema?"

"Mama yangu, anasema mpaka basi! Na kitasa cha mlango wa nyuma kanitengenezea."

"Anafanya kazi?"

"Kutwa."

Roswitha alilitazama rundo la majani aliyoyafagia.

"Unamlipia wewe?"

"Bei kamili, na kodi juu. Nenda ukamwone, mlango uko wazi. Mimi namalizia hapa."

Roswitha alivua aproni, akaikunja, akavuka barabara. Jikoni kwa Hannelore palinukia kahawa. Gebhard alikuwa mezani na bisibisi mkononi, mzima kabisa, na nyuma yake hakukuonekana kitu. Alipomwona aliinuka, kama mwanamume wa huku anavyoinuka mgeni anapoingia, akafunga kifungo cha sweta.

"Siku njema, Bi Häberle," alisema kwa adabu. "Unamtafuta Bi Pfleiderer? Yuko nje, anafagia."

Roswitha alisema atamsubiri.