Injini Iliyokataa Kuzimika

Severa aliingiza vidole viwili kwenye mdomo wa turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, akaishika ncha ya shafti na kuitikisa. Kucheza pembeni ilicheza kidogo, na hilo halikumshangaza. Alipoivuta kuelekea kwake, ikaja. Alipoisukuma, ikarudi.

"Beno, hebu ishike hii."

Mdogo wake alifuta mikono kwenye oveoli, akainama juu ya injini iliyokuwa bado haina boneti na kugusa. "Kawaida hiyo, dada. Injini imetumika huko ilikotoka, unategemea ibane kama mpya?"

"Inaingia na kutoka. Naomba tuifungue."

"Mkiifungua leo, tutaondoka lini?"

Aliyeuliza ni Mzee Ghanim, mwenye gari. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa gereji tangu asubuhi, kanzu ameikunja magotini isiguse grisi, simu mkononi. Duka lake la vitasa na bawaba, kule Kariakoo, alikuwa amemwachia mkewe, Bi Mauza. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa haraka yake. Binti yao Shahd alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko Malinyi, ana mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na safari hii daktari alisema lazima ajifungulie hospitali kubwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Kongo, amekwama mpakani. Mvua zilikuwa zimeanza, na mabasi yalishaacha kufika kijijini kwa sababu ya tope.

Ghanim alikuwa na Land Cruiser ya zamani aliyoipenda kupita kiasi. Masika ya mwaka uliopita, akienda huko huko kwa binti yake, maji yalipanda hadi kwenye nyaya za plagi na injini ya petroli ikazima katikati ya dimbwi. Alilala humo na maji miguuni. Ndipo alipoapa kuing'oa na kuweka ya dizeli, isiyohitaji cheche. Severa na Beno, ndugu wawili wa Kirua waliorithi gereji ya baba yao mtaa wa Gerezani, ndio waliofanya kazi hiyo. Walikata vikalio vya zamani vya injini wakachomea vipya, wakahangaika mpaka gia boksi ikakubali kukaa na injini ngeni.

"Shahd kanipigia alfajiri," alisema Ghanim. "Anasema miguu imevimba. Fundi, nakuomba. Tuiwashe. Ikinguruma vizuri, naondoka nayo."

Severa alimtazama, kisha akamtazama Beno, ambaye alikuwa ameshachukua tochi. Vidole vyake bado vilikumbuka ile shafti ikija na kurudi. Lakini alimwona na yule baba, jinsi alivyoishika simu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Tutaiwasha kwa kuijaribu tu," alisema. "Gari haliondoki mpaka niseme mimi. Mzee, wewe kaa kwenye usukani. Gia iko huru, usiiguse. Nikisema washa, unawasha. Nikisema zima, unazima."

Matairi ya nyuma yalikuwa juu, gari limeegemezwa kwenye stendi mbili za chuma. Beno alijisukuma chini kwa mgongo, mpaka karibu na propela, chuma kirefu kinachozungusha matairi ya nyuma, ili aone kama gia boksi inavuja injini ikizunguka. Ekzosi ilikuwa haijaungwa hadi nyuma; bomba liliishia katikati ya gari, upande wa pekee ambao mtu angeweza kutokea, kwa maana upande wa pili ulikuwa ukuta. Mpira wa hewa nao ulikuwa wazi, mdomo wake umeelekea juu, ukisubiri chujio.

"Washa!"

Injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Ilinguruma kwa sauti nzito, tulivu. Ghanim aliinua mikono juu ya usukani. "Alhamdulillahi!" Fundi wa gereji jirani, mtu mmoja aliyeitwa Jovin, alipiga makofi kutoka mlangoni kwake.

Severa hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya injini, anasikiliza. Mngurumo ulipanda kidogo, kama mtu amegusa mafuta.

"Mzee, ondoa mguu."

"Sijakanyaga!"

Ulipanda tena. Moshi ukabadilika kuwa wa bluu, mzito, ukatoka chini ya gari kama blanketi.

"Zima!"

Ghanim alizungusha ufunguo. Injini haikusikia. Ilipanda kutoka mngurumo hadi kilio, na kilio kikazidi. Akauchomoa kabisa ufunguo, akaunyanyua Severa auone kupitia kioo. Macho yalimtoka.

Severa alijua papo hapo. Turbo ilikuwa imepasuka kwa ndani, na injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Kuikatia dizeli kusingesaidia kitu. Ingeendelea kupanda mpaka oili iishe, au mpaka vyuma vyake virushwe kupitia ubavuni. Gari zima lilikuwa linatetemeka. Stendi ya kushoto ilianza kutembea juu ya saruji, chembe kwa chembe.

"Beno! Toka!"

Hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Alipiga magoti. Ndani ya moshi aliona kiatu kimoja, kisha mkono. Beno alikuwa amejilaza ubavu, uso ameuficha, mkono mmoja ameupitisha juu ya propela akishikilia chasisi ili gari lisimwangukie, kana kwamba mkono wa mtu ungelizuia. Upande wa kutokea, bomba lilikuwa linatema moto.

Severa alisimama kutafuta cha kuzibia mpira wa hewa. Ndipo alipomwona Ghanim.

Mzee alikuwa amekanyaga klachi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya gia. Madereva wa malori husimulia jambo hilo kila mahali: dizeli ikichachamaa, tia gia kubwa, kandamiza breki, achia klachi, itazima. Ni kweli, gari likiwa chini na matairi yake yote. Lakini hapa propela ingezunguka, na mkono wa Beno ulikuwa juu yake.

"Usiingize! Usiingize gia!"

Ghanim hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama gia. Kuukimbilia mlango kulimaanisha kuzunguka pua ya gari, na mkono wa mzee ulikuwa umeanza kusukuma.

Severa aliokota spana kubwa iliyokuwa kwenye bampa akairusha kwa nguvu zake zote kwenye kioo cha mbele.

Kioo kilipasuka kuwa utando mweupe. Ghanim alirudi nyuma, mikono usoni. Gia ikabaki ilipokuwa.

Severa hakungoja. Alivuta kipande cha mbao ambacho jeki ilikuwa imekalia, akakibamiza juu ya mdomo wa mpira wa hewa na kukilalia kwa kifua. Hewa ilimvuta. Alihisi ubao ukinyonywa, mpira ukijikunja na kupondeka chini yake, joto la injini likimuunguza mikono. Kilio kilishuka. Injini ilijitupa kushoto, ikajitupa kulia, ikaguna mara moja, na kunyamaza.

Kimya kilichofuata kiliziba masikio. Basi la mwendokasi lilipita barabarani na honi yake ikasikika kama inatoka mji mwingine.

Jovin alikuwa ameshafika. Yeye na Severa walimshika Beno kwapani wakamtoa. Alikuwa mweusi kwa masizi, anakohoa, nyusi za upande mmoja zimeungua. Alijishika mikono, wa kulia kisha wa kushoto, kama anahakikisha.

"Niko sawa," alisema. "Niko sawa. Dada, nimeona stendi inatembea."

Kisha akakiona kioo. "Hiki nacho kimevunjwa na nini?"

Severa alifungua kinywa. Angeweza kusema chuma kiliruka, na mambo yakaisha. Bado alikuwa hajaamua, Ghanim aliposhuka. Mzee alitembea kama mtu anayevuka mto, akishika gari, mpaka akasimama mbele ya Beno.

"Dada yako ndiye aliyekivunja," alisema. "Nilikuwa naingiza gia. Nilikuwa nakuua, mwanangu. Nilijua uko chini, nikasahau."

Beno alimgeukia.

"Umesahau?"

"Nilisahau."

"Mimi nilikuwa nimeikumbatia hiyo propela, mzee!" Sauti yake ilipasuka. Akageuka, akatoka gereji na oveoli yake ya masizi, akashika njia ya Mnazi Mmoja. Severa alimwita mara moja, akamwacha aende.

Ghanim aliketi pale pale chini, kwenye oili iliyomwagika, kanzu na yote. "Ningemwambia nini mama yenu?"

"Kosa si lako peke yako," alisema Severa. "Vidole vyangu viliniambia, nikavinyamazisha ili niwakubalie ninyi wawili. Sasa sikubali tena. Nafungua hii turbo, nasafisha kila bomba, nakagua injini yote. Mpaka hapo, Shahd atasubiri. Mpigie umwambie anyanyue miguu."

Mzee alimpigia. Severa alifanya kazi mpaka jua likazama, Jovin akimsaidia. Asubuhi yake alipata turbo nyingine Gerezani hapo hapo, akaifanyia jaribio la vidole mara nyingi mpaka muuzaji akakasirika.

Alipokuwa anaifunga, kivuli kilianguka juu ya injini. Beno alisimama nje ya mstari wa mlango, nguo safi, nyusi nusu. Hakuingia.

"Chini siingii," alisema.

"Sijakuambia uingie. Nipe spana ya kumi na nne."

Alimpa. Baadaye kidogo aliingia hatua mbili. Ghanim alikuwa palepale ukingoni, na alipomwona alisimama. Beno ndiye aliyeanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko Malinyi utaenda na nani?"

"Peke yangu."

Beno alitikisa kichwa. "Ukiogopa kidogo tu unashika kitu usichotakiwa kushika. Mimi naendesha. Wewe utakaa na mama mjamzito huko nyuma."

Jioni hiyo waliiwasha tena, matairi yote chini, hakuna mtu chini ya gari, Severa amesimama na ubao mkononi. Iliwaka, ikanguruma, na alipoambiwa zima, Ghanim akazima. Ikazimika.

Waliondoka alfajiri na kioo kipya. Kwa siku mbili simu ya Beno haikupatikana, na Severa alifanya kazi za watu huku kila saa akijaribu kuipiga. Siku ya tatu Beno alipiga kutoka Ifakara. Walikuwa wamefika hospitali saa chache kabla ya uchungu. Mtoto wa kiume. Mama mzima.

Waliporudi Dar walipitia kwanza gereji. Shahd alikuwa kiti cha nyuma, shela imemteleza mabegani, mtoto amefungwa kwenye khanga. Severa hakumpokea mtoto kwa sababu ya grisi. Alichungulia tu, mikono ameificha mgongoni.

"Njia ilikuwaje?" aliuliza. "Kwenye tope injini haikusumbua?"

Shahd alimtazama Beno, akacheka kwa aibu.

"Samahani, dada," alisema. "Sijui. Nililala njia nzima."