Baiskeli ya Hajira

Yunusu aliendesha bodaboda kwa miaka mingi kati ya Tukuyu na vijiji vya Mpuguso, na akina mama walipenda kupanda kwake kwa sababu hakuwa mtu wa haraka. Kisha masika moja pikipiki ilimteleza kwenye mteremko wa kwenda Ikuti, ikamlalia, akavunjika paja. Hakuwa na abiria. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia amshukuru Mungu kwa hilo, naye akashukuru.

Paja liliunga vizuri. Akaacha magongo, akarudi kutembea bila kuchechemea. Lakini siku aliyojaribu kupanda tena pikipiki, mikono ilimtetemeka kwenye usukani mpaka jasho likamtoka katika baridi ile ya asubuhi. Akashuka, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani kulala mchana kweupe. Baadaye akaiuza. Akawa mtu wa shamba la viazi na migomba, na akienda popote anakwenda kwa miguu.

Mkewe, Hajira, aliyaona yote hayo na hakumwuliza kitu. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na khanga, akizunguka magulio: leo Mpuguso, kesho Lufingo, mara Ikuti. Zamani mumewe ndiye aliyempeleka. Sasa alibeba furushi kichwani, au akakodi bodaboda za vijana, na mvua zikikolea vijana wenyewe walikataa. Kuna siku alirudi kutoka Lufingo na vitenge vyake vyote vimeingia tope kwa sababu pikipiki ililala naye njiani. Alivifua usiku kucha bila kulalamika. Yunusu alikaa jikoni akimwangalia, chai yake ikapoa mkononi.

Hajira alikuwa na mdogo wake, Ramadhani, aliyekuwa Mbeya mjini akiuza baiskeli za mtumba. Siku moja akampigia simu.

"Dada, ipo baiskeli hapa imekataa kununuliwa. Matairi yake kama ya gari. Watu wakija wanaicheka tu."

"Inapita kwenye tope?"

"Wenzetu huko Ulaya wanaiendeshea kwenye mchanga na theluji."

"Theluji sina," Hajira akasema. "Tope ninalo. Nitumie."

Ilikuja juu ya lori la mbolea, imefungwa kamba kama mbuzi. Walipoishusha, majirani wakatoka kuangalia. Ilikuwa ya kijani iliyochujuka, na matairi yake yalikuwa mapana kuliko kiganja cha mtu kilichokunjuliwa, yenye meno makubwa. Jirani yao wa karibu, Bibi Atuganile, mjane aliyekuwa mzee wa kanisa, aliizunguka taratibu kwa fimbo yake. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kinyakyusa, na kila mtu alipenda kumsikiliza.

"Hee! Hii basikeli imekula nini?" akauliza. Watu wakacheka mpaka na yeye akacheka.

Yunusu hakucheka. Majirani walipotawanyika alimfuata mkewe uani.

"Hajira, umefanya kwa nia njema, najua. Lakini mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kupanda."

"Nani kakwambia ni yako?" Hajira akageuka. "Hii ni yangu. Mimi sijui kuendesha, wewe unajua. Utanifundisha."

Wakawa wanakwenda jioni, baada ya swala ya alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Hajira alivaa suruali ndani ya gauni na kukaza mtandio kwa pini nyuma ya shingo. Siku ya kwanza Yunusu alijaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe, kama alivyozoea kwenye pikipiki, na baiskeli ikawa inarukaruka juu ya vichuguu vya fuko hadi Hajira akaogopa. Akakaa chini, akaifikiria. Kisha akafungua vali, akatoa upepo kidogo kidogo, akibonyeza tairi kwa dole gumba, mpaka likabonyea. Alipoisukuma tena akaona jambo ambalo hakulitegemea. Tairi lilikuwa linajilaza juu ya kichuguu na kukimeza. Halikukirukia.

"Sasa panda," akasema.

Alishika kiti na kukimbia nyuma yake, uwanja mzima, akipaza sauti: "Tazama mbele! Usitazame miguu! Mbele, mke wangu, mbele!" Hajira alianguka, akainuka, akaanguka tena kwenye majani, akacheka huku amelala chali. Ilikuwa muda mrefu Yunusu hajamsikia akicheka hivyo. Unene wa yale matairi ulimsaidia sana; baiskeli nyembamba ingekwishamtupa mara nyingi, lakini hii ilikuwa tulivu kama ng'ombe mzee wa maziwa, na hata ikienda polepole haikuyumba.

Jioni moja walikuwa wanajifunza gia kwenye mwinuko ulio nyuma ya goli. Hajira hakuelewa lini abadilishe. Yunusu alieleza kwa mdomo, akaeleza kwa mikono, akaona maneno hayatoshi. "Lete hapa," akasema, akapanda, akapandisha ule mwinuko, akazunguka goli, akateremka, akafika kwake.

"Umeona? Unaibadilisha kabla mlima haujakushika. Siyo ukiwa umeshachoka."

Hapo ndipo alipotambua kwamba yuko juu ya baiskeli. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya usukani. Hajira aligeukia upande wa mlima Rungwe, ambao ulikuwa umefunikwa wote na wingu, akawa anarekebisha mtandio wake kwa muda mrefu ingawa mtandio haukuwa na tatizo.

"Nimeona," akajibu bila kugeuka. "Nionyeshe tena."

Basi Hajira akajua kuendesha. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Tukuyu akamtengenezea keria pana ya nyuma, na furushi la vitenge likapata pa kukaa. Wateja wa Lufingo walimsikia kabla hawajamwona, maana matairi yale yakipita kwenye lami huvuma kama nyuki. Baiskeli ilikuwa nzito, hilo hakulificha. Milima mikali alishuka akaisukuma, na kwenye lami watu wenye baiskeli za kawaida walimpita. Lakini akiingia barabara za vumbi na mawe, mgongo haukumuuma. Na mvua ikinyesha, alipita taratibu kando ya pikipiki zilizozama, akiwapa pole wenyewe, akafika gulioni na vitenge vikavu. Wanawake wakaanza kumwuliza inapatikana wapi.

Yunusu aliiosha kila jioni, akapaka cheni mafuta, akapima upepo kwa dole gumba kulingana na njia ya kesho yake. Uwanjani alipanda. Barabarani, hata mara moja, hakupanda.

Mwezi wa nne mvua zilishuka mfululizo. Asubuhi moja Bibi Atuganile alibisha hodi amevaa koti la marehemu mumewe, mkononi ana mwavuli na kikapu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi," Yunusu akamwamkia. "Karibu ndani, unaloa."

"Malahaba, mwanangu. Sikai." Akatafuta pumzi. "Anyosisye, mdogo wangu wa Ikuti, wamenipigia simu. Hali mbaya. Hali chakula, ananiita tu."

Alikuwa amekwisha kwenda kijiweni. Bodaboda zote zilikataa, maana maji yalikata barabara karibu na mashamba ya chai na gari dogo halipiti. "Nimepita hapa kuaga," akasema. "Ntatembea."

Hajira akayatazama magoti ya yule mama, jinsi yalivyovimba chini ya sketi. Kutembea mpaka Ikuti kwa magoti yale, katika tope lile, haikuwezekana, na wote watatu walijua.

"Mimi kubeba mtu sijafikia," Hajira akasema polepole. "Furushi ninaweza. Mtu siwezi."

Hakumwangalia mumewe aliposema hivyo. Yunusu alisimama mlangoni akitazama mvua. Kisha akatoka, akaenda ilipo baiskeli chini ya upenu, akachutama. Wakasikia upepo unatoka kwenye vali, fyuu, akibonyeza, fyuu tena.

Hajira akaingia ndani haraka. Akatoa mto, akaukunja ndani ya nailoni, akaufunga juu ya keria, akamfunika Bibi Atuganile kwa khanga mbili na nailoni nyingine juu.

"Nikishindwa tutarudi," Yunusu akamwambia mkewe kwa sauti ya chini.

"Mkirudi mtakuta nimepika," Hajira akajibu.

Wakaondoka. Bibi Atuganile alimshika kiunoni kwa mikono miwili, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, taratibu, bila kujali kwamba anayempeleka ni Mwislamu. Barabara ilikuwa uji mtupu. Yunusu alisikia tairi la mbele linazama kidogo, linajitandaza, linashika. Likiteleza, liliteleza kama mtu mzima anayejua atakapokanyaga, kisha likasimama. Migomba ilikuwa imelala pande zote, na vijana waliokuwa wamekwama na pikipiki yao mferejini waliwatazama wakipita, midomo wazi.

Walipofika juu ya ule mteremko, Yunusu akafunga breki. Wimbo ukakatika.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Ni hapa, bibi. Hapa ndipo nilipoanguka." Akainua mikono yake ili aione. "Mikono inatetemeka."

Bibi Atuganile akanyoosha mikono yake mwenyewe kutoka chini ya nailoni, akaiweka kando ya ile ya Yunusu. Ilikuwa myembamba, yenye mishipa, nayo ilitetemeka kwa uzee.

"Yangu inatetemeka tangu mwaka juzi," akasema. "Naninii, chai nanywa nayo, viazi namenya nayo. Twende na hiyohiyo."

Yunusu akacheka bila kutaka. Akavuta pumzi. "Nishike sana basi."

Aliachia breki kidogo, akashika, akaachia. Maji mekundu yalikimbia nao upande wa kushoto. Katikati ya mteremko tairi la nyuma lilivutwa pembeni, lakini hakukaza breki. Alilipa nafasi, nalo likarudi lenyewe mahali pake. Kufika chini alikuta taya zake zinauma kwa jinsi alivyokuwa amezikaza. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Alikuwa ameshuka nayo hivyo hivyo.

Pale maji yalipokata barabara, alishuka, akamwacha bibi ameketi juu ya keria, akaisukuma baiskeli ndani ya maji yaliyomfika magotini. Akapumzika upande wa pili. Bibi Atuganile akamfuta uso kwa ncha ya khanga, kama mtu anavyomfuta mwanawe.

Nyumba ya Anyosisye ilikuwa ndani ya migomba, nyuma ya shamba lake dogo la chai. Alilala kitandani amekonda, macho makubwa. Dada yake alipoingia mlangoni akimwaga maji sakafuni, Anyosisye alimtazama juu mpaka chini.

"Umeniletea matope ndani," akanong'ona.

"Nimekuletea na supu," Bibi Atuganile akasema, akaketi kitandani na koti lake lililoloa, akamkumbatia. Anyosisye akanywa ile supu, vijiko vichache, akishikiliwa kichwa. Yunusu alikaa barazani na kikombe cha chai ya moto, na ndizi za kuchemsha ambazo majirani walimletea. Kutoka ndani alisikia wale wazee wawili wakizungumza Kinyakyusa, halafu wakicheka jambo ambalo bila shaka lilitokea wakiwa wasichana.

Alirudi peke yake jioni, bibi akabaki. Hajira alimkuta uani, tope mpaka kwenye nyusi, anashusha mto kutoka kwenye keria. Akamchotea maji ya moto, akamwosha mgongo mwenyewe. Alipofika kwenye kovu la paja akauacha mkono wake hapo muda mrefu.

"Uliogopa?" akauliza.

"Sana."

"Na kesho?"

"Kesho nitampelekea bibi nguo za kubadili."

Anyosisye hakupona. Lakini alianza kula, akaishi mpaka mvua zikapungua na baridi ya mwezi wa sita ikaingia. Siku za gulio baiskeli ilikuwa ya Hajira, siku nyingine Yunusu alipita nayo Ikuti, akipeleka unga, dawa, au Bibi Atuganile mwenyewe.

Jumapili moja Hajira naye alikwenda, kwa miguu, kuwasalimia. Anyosisye akasema anataka kuliona shamba lake la chai. Mtoto wake wa kiume alisema haiwezekani. Njia ya katikati ya migomba ilikuwa nyembamba, mizizi mitupu, hata kiti cha magurudumu kisingepita. Yunusu akachutama akatoa upepo kwenye matairi, akatoa tena, mpaka yakawa laini kama mkate. Wakamkalisha juu ya keria na mito. Yunusu akashika usukani, akatembea. Hajira akamshika mgonjwa mgongoni. Bibi Atuganile akatangulia na fimbo yake, akisogeza majani ya migomba yaliyoning'inia.

Walikwenda polepole sana. Tairi lilipanda mzizi, likashuka, na yule mgonjwa hakutikisika. Kwenye ukingo wa shamba wakasimama. Chai ilikuwa imechipua, kijani changa mpaka chini bondeni, na jua lilikuwa limetoka.

Anyosisye aliinama, akachuma kichipukizi kimoja, majani mawili na ncha, kama alivyochuma maisha yake yote. Akakinusa. Akampa dada yake anuse.

"Ndaga fijo," akamwambia Yunusu, akishukuru kwa lugha yake. Kisha akamgeukia Hajira kwa Kiswahili. "Mwanangu, una haraka?"

"Hapana, mama. Leo sina gulio."

"Basi tukae hapa kidogo."

Wakakaa.