Viatu vya Bwana Harusi

Malaka nzima hakuna aliyemshinda Bibi Geok Neo kutunga shanga, ukiwatoa dada yake, mama yake na majirani wa pande zote mbili. Leo alimpeleka mjukuu wake Poh Gek, mchumba wa watu, makumbusho kuona viatu alivyomshonea marehemu mumewe kabla ya harusi, kama ilivyompasa kila mwari.

"Miezi saba nilikaa dirishani kwa mama," alisema, machozi yakimlenga. "Babu yako alivivaa akatembea kama jogoo!"

"Bibi, mbona kwenye waridi la bluu kuna shanga moja nyekundu?"

"Alama yangu hiyo, mwanangu."

Dada yake, Bibi Swee Kim, aliyefuatana nao, akapandisha saruni kidogo, viatu vyake vikaonekana. "Poh Gek, hebu tazama na hivi nilivyojishonea."

Waridi la bluu, shanga moja nyekundu.

Geok Neo akaulizia choo kiko wapi.