Moshi Uliotoka Kifuani mwa Risper

Jumanne ya tatu tangu gesi ya samadi ianze kuwaka jikoni kwake, Risper alichemsha chai ya maziwa, akammiminia mumewe kikombe, akatoka mlangoni kuwaita kuku. Alipofungua kinywa, moshi ukatoka. Ulikuwa mweusi, mwingi, na haukumuuma popote. Ulitoka kwa muda wa kama nusu saa, ukapanda juu ya paa, ukashika njia ya kuelekea soko la Rangwe. Ulipokwisha, Risper aliwaita kuku, nao wakaja.

"Kuna kitu kinaungua?" Cephas aliuliza kutoka mezani.

"Hapana, Baba Celestine. Ni mimi."

Cephas alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpazia mkewe sauti. Alimpeleka zahanati asubuhi hiyo hiyo. Daktari akamsikiliza kifua, akasema ni moshi wa kuni aliouvuta tangu aolewe. Sasa umepata nafasi, utatoka mwaka mmoja kila siku, kuanzia wa karibuni. Anywe maji mengi. Wakarudi nyumbani.

Siku nne za kwanza Cephas aliketi kando yake kwenye kiti cha plastiki. Ile ya nne akauliza, "Mbona huu haunuki hata ugali?"

"Ni ile miaka minne niliyokuwa nikikuomba hii gesi. Nilikuwa napika tu, ili mle."

Cephas alikumbuka. Risper alimwambia kifua kinambana, naye akajibu kwamba chakula kilichopikwa kwa mavi ya ng'ombe hakiwezi kuwekwa mbele ya wageni. Kisha Joash, jirani wa ng'ambo ya kijito, akachimba mtambo wake wa gesi. Wageni wa kaunti wakaja kuutazama, wakapiga picha naye, pasta akauombea. Wiki hiyo hiyo Cephas aliita mafundi, na shimo lake likawa pana kuliko la Joash. Kifua hakikutajwa na mtu.

"Ungenieleza vizuri," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikueleza vizuri."

"Ni kweli," Cephas akasema, akaenda kumletea maji.

Siku ya tano moshi ulinukia omena waliokaangwa na nyanya, na majirani wakaanza kuja. Celestine, binti yao aliyeolewa Suna, alifika siku moshi uliponukia uji wa mwaka wake wa mtihani, akavuta pumzi, akacheka hadi akatoa machozi. Siku ya tisa alikuja Phanice, jirani wa karibu, amevaa nguo ya kanisani.

"Moshi wa leo ni wa mwaka ule ulipompikia Job wangu viazi," alisema. "Alipita hapa kabla ya ile ajali iliyomchukua."

"Alikula sahani mbili. Kaa hapa, nyathina, mwanangu, upepo unakuja upande huu."

Phanice akakaa. Harufu ya viazi ilipofika, alifumba macho, akabaki hivyo mpaka moshi wote ukaisha. Kisha akamshukuru Risper na kwenda kufua.

Waume nao walikuja. Walimsalimu Risper kwa heshima, wakaupita moshi wake, wakaenda nyuma ya zizi kuutazama mtambo. Walimuuliza Cephas wageni wa kaunti wamefika mara ngapi. Elijah, mume wa Phanice, aliuzunguka mara mbili.

"Ni kitu kizuri," alisema. "Lakini tungoje kwanza tuone kama wa kina Joash utadumu."

"Na kifua cha Mama Job?" Risper akamuuliza kutoka mlangoni, moshi ukimtoka.

"Huyo amezoea, mama," Elijah akajibu kwa upole.

Siku ya thelathini na nne, ya mwisho, moshi ulikuwa mwembamba na ulinukia ugali ulioungua. Ulikuwa ugali wa kwanza aliompikia Cephas.

"Niliumaliza wote," Cephas alisema.

"Ulisema ni mtamu."

"Nilisema uongo." Akasogeza kiti, akauvuta moshi ule mpaka ukaisha, akakohoa, akaushika mkono wa mkewe. Walikaa hivyo hadi jua likawafikia miguuni.

Baadaye Risper, mwepesi kama msichana, alivuka ua kumtembelea Phanice. Mlango wa jiko ulikuwa wazi lakini ndani hakukuonekana kitu.

"Uko?"

"Niko kwa mafiga, napika maharagwe," sauti ya Phanice ikajibu, ikakohoa. "Usiingie, utajaa tena."

Risper aliinama chini ya moshi, akapapasa mpaka akapata kigoda, akaketi karibu naye.

"Elijah anasemaje?"

"Anasema tungoje," Phanice akasema, akasukuma kuni ndani.