Miguu Niliyonyang'anywa

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa chuo chetu cha uuguzi, kando ya ratiba ya mitihani: walimu wote, na kile ambacho kila mmoja anatafiti. Nikatafuta jina langu. Silia Vaipuna: kunawa mikono.

Kunawa mikono! Miaka kumi na moja nimeingia nyumba baada ya nyumba, kisiwa kizima cha Tongatapu, nikiandika habari za vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi nene, ulikuwa wa Profesa Haslam, mgeni kutoka Nyuzilandi aliyefika wiki tatu tu zilizopita: vidonda vya miguu, na kwa nini wagonjwa huchelewa kuja kliniki. Maneno yale ni yangu. Hata mkato ni wangu.

Nikaingia ofisini kwa mkuu wetu, Sista Seluvaia, bila kubisha hodi. Alikuwa anakula mihogo ya kuchemsha.

"Sista, miguu yangu iko wapi?"

"Si hiyo umeisimamia?" Akacheka peke yake. "Usininunie, mdogo wangu. Mwenzako ana shahada tatu na wafadhili. Wewe una madaftari. Na mgeni hanyimwi kitu, kwani wewe umelelewa wapi?"

"Hanyimwi chakula. Kazi yangu si nguruwe wa karamu."

"Na mikono nayo muhimu, bwana. Watu hawanawi."

Nikatoka. Ningekaa dakika moja zaidi, ile mihogo ningeimwaga.

Kwetu Tonga mtoto hujua hili kabla hajajua kusoma: mbele ya dada yake, mwanamume hautaji mwili wake, seuze kuufunua. Na binamu wa kike ni dada vilevile. Kaka yangu Maka alikanyaga msumari wakati muuguzi wa pekee kijijini alikuwa mimi. Miezi minne alipita mbele ya kliniki yangu akichechemea, akinipungia mkono, asiingie. Tulimzika akiwa na mguu mmoja. Ndiyo maana natafiti miguu, wala sikuichagua kwa kupenda.

Alhamisi Profesa akaita mkutano wake wa kwanza kwenye ukumbi wa kanisa, katika kijiji cha Seluvaia mwenyewe. Akawaketisha watu kifamilia, kaka na dada benchi moja. Seluvaia alikaa mbele, amejifunga kiunoni mkeka wa heshima kama desturi yetu, akitafsiri.

"Nani ana kidonda mguuni?" Profesa akauliza.

Hakuna kiatu kilichovuliwa.

"Hali ni nzuri kuliko nilivyodhani," Profesa akasema, akaandika sifuri.

Seluvaia alijua fika kwa nini watu wamenyamaza. Akaona afadhali sifuri ya uongo kuliko kumwaibisha mgeni. Na mimi, nisiwe mnafiki, nilikuwa nimekusudia kunyamaza vilevile. Aliyetaka miguu yangu aipate, na aibu yake juu.

Kisha nikamwona Kelepi, benchi la tatu. Ni kaka wa pekee wa Seluvaia. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imelowa, na nzi hawaiachi. Kila dada yake alipogeuza shingo, aliuvuta mguu chini ya benchi.

Nikasimama. "Wanawake wote nje! Nabaki mimi tu, sina ndugu kijiji hiki."

"Umerukwa na akili?" Seluvaia akaninong'oneza kwa ukali. "Unamwaibisha mgeni!"

"Nje, Sista. Wewe wa kwanza."

"Unanifukuza mimi? Mimi mkuu wako?"

"Humu ndani wewe ni dada wa mtu."

Hakulitazama benchi la tatu, na kwa kutolitazama nikajua amenielewa. Akatoka, wanawake wengine wakamfuata.

Mlango ulipofungwa viatu vikaanza kuvuliwa. Vidonda tisa. Kelepi alikuwa wa mwisho. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na harufu yake naijua.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Kelepi! Dada yako anafundisha wauguzi wa nchi nzima!"

"Ndiyo hivyo sasa," akasema, akitazama sakafu. "Ningemwambia nini?"

Profesa alikuwa anaandika mbiombio. "Ajabu! Hili ni jambo jipya kabisa!"

"Si jipya. Liko kwenye daftari langu la saba."

Nikatoka nje. Seluvaia alikuwa amesimama peke yake juani, ameshika mkeka wake kwa mikono miwili.

"Kuna nini humo ndani?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa tangu Jumatatu. "Muulize Profesa. Mimi natafiti kunawa mikono."

Nilidhani nitafurahi. Midomo yake ikaanza kucheza kama ya mtoto anayezuia kilio, na furaha isije.

"Silia," akasema. "Ni mguu upi?"

Jambo hilo dada haambiwi. Mimi sikuambiwa. Kijiji kizima kilijua habari za Maka, kikaniheshimu, kikanyamaza, mpaka leo nawachukia kwa heshima ile.

"Wa kushoto," nikamwambia usoni. "Vidole viwili vimekufa. Tafuta gari sasa hivi, na hospitali usiingie naye chumbani."

Akakimbia, mkeka ukamfunguka kiunoni, akauacha njiani. Nikarudi ndani, nikanawa mikono, nikapiga magoti mbele ya Kelepi.